Kadi ya Kusogezwa: Jina Pekee Halitoshi

Abiria anayeondoka Migori kuelekea Homa Bay hupitia Awendo, Rongo na Rodi Kopany kabla ya kufika ziwani. Katika matatu moja huweza kusikika Kidholuo, Kikuria, Ekegusii na hata Kisomali. Kiswahili ndicho kiungo cha wasafiri hao. Utingo anapodai nauli, hupewa noti mkononi au hutumiwa pesa kwa rununu. Kadi ya kusogezwa karibu na kisomaji haijapata mizizi katika safari hiyo, ingawa serikali ilikusudia iwe kawaida nchini kote kuanzia tarehe 1 Julai 2014. Inafaa kuuliza ni kwa nini, na wapenzi wa Kiswahili wana dhima gani.

Kwanza, teknolojia yenyewe ieleweke. Ndani ya kadi mna chipu ndogo iliyounganishwa na waya mwembamba uliozungushwa. Kadi haina betri. Kisomaji, ambacho huweza kuwa rununu, hutoa uga wa sumaku unaobadilikabadilika kwa kasi ya megahezi 13.56. Kadi ikisogezwa, uga huo huzalisha umeme katika waya, chipu huamka na kujibu. Nguvu za uga hufifia upesi mno umbali unapoongezeka, kwa hivyo mazungumzo hayo hayavuki sentimita 10 hivi, na mara nyingi huhitaji sentimita 4 au chini ya hapo. Msingi huohuo umo katika kadi za benki zenye alama ya mawimbi na katika pasipoti za kielektroniki ambazo Kenya ilianza kuzitoa mwaka wa 2017.

Nchini Kenya, majaribio ya nauli hayakukosa majina ya Kiswahili. Mwaka wa 2013, kampuni ya Google na Benki ya Equity zilizindua BebaPay jijini Nairobi. Kufikia Machi 2015 huduma hiyo ilikuwa imefungwa. Palikuwa pia na kadi zilizoitwa Abiria na Pepea. Mwaka wa 2017, Safaricom ilijaribu M-PESA 1Tap mjini Nakuru kwa kadi, bangili na vibandiko vya simu. Hakuna hata moja iliyoiondoa noti mkononi mwa utingo. Kwa upande mwingine, M-PESA, iliyoanza mwaka wa 2007, ilienea hadi vijijini. Pengo hili haliwezi kufafanuliwa kwa majina, kwa maana "beba" na "abiria" ni Kiswahili sawa na "pesa".

Tofauti moja ni ya kiuchumi. Kadi ilimtaka abiria aweke fedha kabla ya safari, huku utingo akiishi kwa fedha taslimu za kila siku na nauli ikipanda mvua inaponyesha. Tofauti ya pili ni ya maelezo. M-PESA ilikuwa na wakala dukani, mtu aliyeketi na mteja na kumwelekeza kwa lugha anayoielewa. Kadi ya nauli ilikuja na agizo na tarehe ya mwisho. Aliyepewa amri bila maelezo ni kama aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Hapa ndipo Kiswahili kinapohitajika, na kazi yake ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Chukua istilahi "mawasiliano ya masafa mafupi", ambayo mfasiri angeikimbilia mara moja. Kwa msikilizaji wa redio, masafa mafupi ni yale yaliyomletea matangazo ya London na Cologne kutoka maelfu ya kilomita. Linalotatiza zaidi ni kwamba megahezi 13.56 zimo ndani ya mkanda huohuo wa redio! "Mawasiliano ya karibu" nayo huashiria urafiki au ujamaa. "Teknolojia ya mguso" inagongana na skrini ya kugusa, ilhali kadi haihitaji kugusa chochote. Kitenzi "karibisha" kimekwisha kumilikiwa na mgeni mlangoni. Pengine "mawasiliano ya mkaribiano" yatafaa vitabuni, na "sogeza kadi" ifae katika matatu. Istilahi hizo zipimwe kwa watumiaji kabla ya kuidhinishwa.

Hata hivyo, istilahi ni mlango tu. Mchuuzi wa omena wa Homa Bay akikabidhiwa kadi, ana haki ya kujua kwamba kadi nyingi za benki za aina hii huruhusu malipo madogo bila nambari ya siri, na kwamba ikipotea lazima aarifu benki upesi. Aidha, anapaswa kujua ni habari gani zake zinazohifadhiwa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inampa haki ya kuarifiwa jinsi data yake itakavyotumiwa, na Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Haki iliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma mwenyewe ni haki ya karatasini.

Wapo watakaodai kwamba hayo ni mambo ya wahandisi. Dai hilo halina mashiko. Mhandisi hutengeneza kisomaji. Hawajibiki kujua kwamba "masafa mafupi" itampotosha mzee aliyezoea redio. Migori ina Chuo Kikuu cha Rongo, na Homa Bay ina Chuo Kikuu cha Tom Mboya. Ukurasa mmoja wa maelezo, ulioandikwa kwa Kiswahili fasaha na kujaribiwa kwa abiria halisi katika vituo vya matatu, ungekuwa mchango mkubwa kuliko orodha ndefu ya istilahi zinazokaa kabatini. Siku kadi nyingine itakapoletwa, abiria wa Rodi Kopany apate nafasi ya kuikubali au kuikataa akiwa anaijua.