Jicho la Trafiki na Shilingi Laki Nne

Uganda ilipowasha EPS Auto, mfumo wa faini za barabarani kwa kamera, Juni 2025, madereva wa Kampala walilalamikia zaidi bei: shilingi 200,000 kwa anayezidisha mwendo kwa kilomita zisizozidi 30 kwa saa, na 600,000 kwa anayevuka hapo. Mwezi haukuisha, serikali ikausimamisha. Lakini pasipo na kamera hubaki askari wa trafiki na macho yake, na macho peke yake hayatoshi kumtoza mtu faini ya mwendo. Sababu imo katika bei hizohizo. Kwenye barabara yenye kikomo cha kilomita 50 kwa saa, aliyekwenda 79 na aliyekwenda 81 walitenganishwa na shilingi 400,000, ilhali kwa sekunde moja mmoja amemzidi mwenzake nusu mita tu. Nani ataiona nusu mita hiyo, gari likimjia uso kwa uso? Tena jicho hudanganyika: kitu kikubwa huonekana kwenda polepole kuliko kidogo chenye mwendo uleule, kwa hiyo basi litasamehewa na gari dogo kama Vitz litaandikiwa faini.

Wapo wanaosema askari mzoefu hakosei sana. Mahakama ya Juu ya jimbo la Ohio, Marekani, ilikubali hoja hiyo mwaka 2010. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likaizima kwa sheria. Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo: Sheria ya Trafiki ya jirani zetu Kenya, Sura ya 403, hairuhusu dereva kutiwa hatiani kwa maoni ya shahidi mmoja tu kuhusu mwendo. Na uzoefu, hata ukiwa wa kweli, hauachi rekodi ya kupingwa mahakamani. Kilomita zilizokadiriwa kichwani hushushwa kichwani vilevile, dirishani mwa gari, kwa kitu kidogo.

Hoja nzito zaidi ni kwamba watu wanakufa barabarani na vifaa vya kupimia mwendo ni haba. Ni kweli, ila askari asiye na kifaa hajafungwa mikono. Anaweza kusimamisha gari, kuonya, au kumshitaki dereva kwa uendeshaji wa hatari kwa yale aliyoyaona hasa: taksi iliyopita magari mengine kwenye kona ya barabara ya Northern Bypass, bodaboda iliyopenya katikati ya watoto wanaovuka. Ushahidi wa namna hiyo jicho linaumudu. Akitaka kuandika kilomita, aambatishe picha, mahali, saa, na tarehe kifaa kilipopimwa mara ya mwisho.