Uchambuzi: Grenda ndogo, hasara kubwa kwa asiyejua anachovusha

WASAFIRISHAJI wanaotumia barabara za kutoka Mombasa na Dar es Salaam kwenda Uganda, Rwanda, Zambia na Kongo wanajua kwamba lori halichagui mahali pazuri pa kuharibikia. Ufa hutokea nyuma ya kishikio cha springi, kati ya chasisi na tangi la mafuta, au kwenye kona ya tela ambako hata mkono hauingii vizuri.

Hapo ndipo uchaguzi wa grenda unapoacha kuwa shughuli ya fundi peke yake na kuwa suala la biashara. Ufa ukichomelewa bila kufunguliwa vizuri, chuma hushikana juu juu tu. Safari moja au mbili baadaye hufunguka tena, na mzigo hulala njiani huku malipo ya kuchelewesha kontena yakihesabiwa kila siku.

Kwa upande wa pili wapo wafanyabiashara wanaonunua zana hizo China, Dubai, Kariakoo au Nairobi na kuzipeleka miji ya mpakani. Baadhi yao huagiza kwa kuangalia bei na rangi ya boksi, kisha hushangaa mteja anaporudisha bidhaa.

Ukubwa wa jiwe si mchezo

Grenda inayojulikana na wengi ni ile ya pembeni, yenye jiwe la milimita 115, yaani inchi nne na nusu. Kwa kawaida huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika bila mzigo. Ni zana nzuri kwa kazi ya wazi, lakini kichwa chake ni kipana na haingii penye nafasi finyu.

Mafundi wengine hutatua tatizo hilo kwa kuondoa kinga na kufunga jiwe kubwa zaidi ili lifike mbali. Hesabu yake ni ya kutisha. Mawe mengi ya kukatia hutengenezwa kuhimili mwendo wa mita 80 kwa sekunde pembezoni. Jiwe la milimita 180 likizungushwa mara 11,000 kwa dakika, pembezoni hupita mita 103 kwa sekunde. Jiwe likipasuka kwa mwendo huo, vipande huruka usoni, na kinga ya kuvizuia haipo.

Ndiyo maana kila jiwe halali huandikwa idadi ya juu ya mizunguko yake. La milimita 115 huandikwa 13,300 na la milimita 230 huandikwa 6,600. Namba ya jiwe lazima iwe sawa au zaidi ya namba ya mashine, kamwe isiwe chini.

Zana za nafasi finyu

Kwa kazi ya kona, zana inayofaa ni grenda nyoofu. Hii haina sahani kubwa mbele. Ina shingo nyembamba yenye taya zinazobana mkia wa kichwa kidogo cha kusagia. Za umeme huzunguka kati ya mara 25,000 na 30,000 kwa dakika, na ndogo za hewa karibu 20,000 hadi 25,000.

Ipo pia ya hewa iliyopinda nyuzi 90, ambayo huingia mahali pafupi ambapo grenda nyoofu ingezuiwa na urefu wake. Ya tatu ni ile ya waya mnene unaozunguka ndani ya mpira, ambapo mota hubaki kando na fundi hushika kichwa tu. Hii humpunguzia uzito fundi aliyelala chini ya tela, ila waya huharibika haraka ukikunjwa sana.

Kichwa ndicho kinachofanya kazi. Vya kabaidi, vyenye meno yaliyokatwa kwa kupishana, hula chuma cha pua na chuma cha kawaida vizuri na kutunza umbo lake. Kwa aluminiamu huhitajika kichwa chenye meno mapana ya upande mmoja, kwani meno madogo huziba. Mawe madogo yenye mkia ni ya bei nafuu lakini hulika na kupoteza umbo, hivyo yanafaa zaidi kulainisha kuliko kufungua ufa.

Aidha, kichwa kikubwa huhitaji mwendo mdogo kuliko kichwa chembamba. Kile chenye mkia mrefu wa milimita 150 huvutia kwa kufika mbali, lakini kikizungushwa hewani kwa mwendo kamili mkia unaweza kupinda ghafla. Kinatakiwa mwendo wa chini sana, na kiguse chuma kwanza kabla ya kuwasha.

Mitego anayoangukia mnunuzi

Mtego wa kwanza ni kipimo cha mkia. Zipo grenda za milimita 6 na zipo za robo inchi, ambayo ni milimita 6.35. Kwa macho vinafanana. Mkia wa milimita 6 ukiwekwa kwenye taya za robo inchi haubanwi sawasawa, na huweza kuchomoka ukizunguka. Mfanyabiashara anayeuza mashine na vichwa aagize vya kipimo kimoja au auze taya za vipimo vyote viwili.

Mtego wa pili ni umeme. Kenya, Uganda na Tanzania hutumia volti 230 hadi 240. Zana za mitumba kutoka Marekani ni za volti 120, na nyingi zilizotumika kwenye ujenzi Uingereza ni za volti 110, zenye plagi ya njano. Bila transfoma, zana hizo huungua mara tu zinapowashwa.

Mtego wa tatu ni hewa. Grenda ya hewa hugharimu kidogo na haina mota ya kuungua, lakini ikifanya kazi mfululizo hula mamia ya lita za hewa kwa dakika. Kompresa ndogo ya tangi la lita 24 huishiwa haraka na mashine hupoteza nguvu. Gereji yenye kompresa kubwa itafaidika. Fundi wa kando ya barabara mwenye jenereta ndogo afadhali anunue ya umeme.

Mtego wa nne ni tarehe. Mawe yaliyoshikamanishwa kwa gundi na nyuzi huwa na mwisho wa matumizi, kwa kawaida miaka mitatu tangu kutengenezwa. Mwezi na mwaka huandikwa kwenye pete ya chuma ya katikati. Stoo yenye unyevu hufupisha muda huo. Mzigo wa bei ya kutupa mara nyingi ni mzigo uliokaribia tarehe hiyo.

Mpakani

Hati rahisi ya uasili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, inayotumika kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya nchi wanachama. Grenda ya China iliyonunuliwa Nairobi haigeuki kuwa ya Kenya kwa kupakiwa Nairobi. Anayeivusha atunze ankara na nyaraka za forodha zinazoonyesha ushuru ulipolipwa.

Kuandika "zana" tu kwenye tangazo nako ni kualika mzozo. Mashine za mkononi zenye mota au za hewa ziko kwenye namba 8467 ya ushuru, mawe ya kusagia na kukatia 6804, na vichwa vya kubadilisha 8207. Mzigo mmoja unaweza kuwa na namba zote tatu.

Ubora nao hukaguliwa. Kenya ilianza ukaguzi wa bidhaa kabla ya kusafirishwa mwaka 2005 na Tanzania mwaka 2012. Anayebeba grenda za betri akumbuke pia kwamba betri za lithiamu ni mzigo wa hatari wa daraja la 9, na msafirishaji anapaswa kuambiwa mapema.

Usalama wa gari na watu

Watengenezaji wengi wa malori huonya dhidi ya kutoboa au kuchomelea kingo za juu na chini za chasisi. Mwenye gari asome maelekezo kabla ya kumruhusu fundi. Kwa magari ya mafuta, cheche za grenda ya hewa ni sawa na za umeme: tangi lisilosafishwa na kutolewa mvuke halisogelewi na zana yoyote.

Kwa msafirishaji, swali la kumuuliza fundi ni atafikaje kwenye ufa, si bei ya kuchomelea pekee. Kwa mfanyabiashara, dukani asome namba nne kabla ya kulipa: volti, mizunguko ya mashine, mizunguko ya jiwe na kipimo cha mkia. Zikikubaliana, mzigo utauzika. Zisipokubaliana, punguzo la bei halitarudisha jicho la fundi wala jina la duka.