Eti kasi ya bure!

Ndugu zangu, najua nimekuwa kimya humu, zamu za usiku zimenibana. Lakini mpwa wangu wa Temeke kanichokoza, lazima niseme.

Kijana anahariri video za harusi. Kompyuta inakwama, basi marafiki wamemshauri aiovakloki prosesa, yaani ailazimishe kukimbia kuliko ilivyopangiwa kiwandani. "Mjomba, ni kasi ya bure," ananiandikia. Mstari unaofuata: nimtumie hela ya kipozeo cha maji na pawa saplai kubwa. Bure gani hiyo yenye risiti?

Hao washauri bado wanaishi 1998. Enzi hizo ilikuwa kweli, siwabishii. Intel walitoa Celeron 300A ya megahezi 300: 66 mara 4.5. Ukipandisha ile 66 iwe 100, unapata 450. Nyongeza ya asilimia 50 kwenye prosesa ya bei ya chini! Hata mimi ningefanya.

Leo hiyo nyongeza kiwanda kimeshaila. Mpwa wangu ana Core i5-10600K. Viini vyote sita vikifanya kazi, inapanda yenyewe hadi gigahezi 4.5 bila mtu kuigusa. Tuseme ana bahati, aifikishe 5. Ni asilimia 11. Kazi ya saa nzima itaisha kwa dakika 54, tena iwapo kazi yote ni ya prosesa tu. Dakika sita jamani!

Na gharama? Matumizi ya umeme yanapanda pamoja na kasi, na pia kwa mraba wa volti. Ongeza kasi asilimia 11 na volti asilimia 10, prosesa itakula umeme zaidi kwa kama theluthi moja. LUKU analipa nani? Umeme wote huo unageuka joto, na kipozeo, kiwe cha feni au cha maji, kinalitupa kwenye hewa ya chumba. Wanaojigamba kwenye video wako kwenye vyumba vya nyuzi 18. Njooni Temeke mwezi wa pili! Hata Intel wenyewe walikiri mwaka 2024 kwamba volti kupita kiasi ilikuwa inayumbisha baadhi ya prosesa zao za kizazi cha 13 na 14.

Kuyumba ndiko kunakonitia hofu. Mchezaji gemu mashine ikizima anaiwasha tena. Huyu ana harusi ya watu mle ndani. Faili likiharibika, utamwambia bibi harusi aolewe upya?

Nikamwambia afungue Task Manager huku anahariri, anisomee. Memori GB 8, imejaa. Diski ya zamani ile ya kuzunguka, asilimia 100. Prosesa? Asilimia 30! Imekaa inasubiri diski. Sasa unamchapa punda viboko wakati umemfunga kwenye mwembe?

Basi hela nimetuma, ya SSD na memori nyingine ya GB 8. Ya kipozeo sitoi. Kanuna, na dada kashanipigia simu kumtetea. Anune tu, Jumamosi ana send-off Mbagala, atanieleza.