BEI YA UZI SI BEI YA KAZI

Iko desturi moja katika miji yetu ambayo hatuna budi kuikemea. Mnunuzi hushika kitambaa cha meza kilichofumwa kwa mkono, hukigeuza, hukisifu, kisha humwuliza mama aliyekifuma: "Kwani uzi wenyewe umeununua kwa shilingi ngapi?" Akishajibiwa, huongeza kiasi kidogo juu yake, akajiona ametenda wema. Lugha hiyo inasemwa hapa Kilwa Masoko, inasemwa Kivinje, na Lindi pia. Wanaoisema si watu wabaya. Ni ndugu zetu na jirani zetu. Lakini maneno yao ni ya dhuluma, nasi tutaeleza kwa nini.

Tufanye hesabu. Tuseme mama amefuma seti ya vitambaa vya makochi kwa siku 12, kila siku saa 3, baada ya kupika, kuteka maji na kurudi shambani. Hizo ni saa 36. Tuseme uzi ulimgharimu shilingi 15,000, na mnunuzi akampa shilingi 25,000. Kilichobaki ni shilingi 10,000. Zigawe kwa saa 36: hazifiki shilingi 280 kwa saa. Ni nani kati yetu, awe seremala au karani, angekubali kuinua mkono kwa ujira huo? Basi kwa nini twataka mama akubali, tena acheke na kusema ahsante?

Wako wanaojibu kwamba hiyo ni kazi ya barazani tu, ya kupitishia wakati. Hapo ndipo lilipo kosa lao. Saa ya barazani ina dakika 60 kama saa ya ofisini. Tena mwenye kufuma hafanyi mchezo. Anahesabu kila tundu; akikosea katika mstari wa tatu na kuligundua kosa katika mstari wa ishirini, hufumua yote akaanza upya. Ua lote limo kichwani mwake. Kazi yake ikiwa nzuri hufuliwa miaka kwa miaka, na uzi ukikatika hushikwa ukarudishiwa.

Wengine husema kwamba siku hizi viwanda vinafanya kazi hiyo kwa urahisi, basi mkono usidai bei kubwa. Kwa kazi ya sindano mbili, kama sweta na soksi, kweli mashine ipo tangu zamani: Mwingereza William Lee aliiunda ya kwanza mwaka 1589. Lakini kroshia si hivyo. Viwanda huiga sura yake kwa ufumaji wa namna nyingine. Kroshia yenyewe hutoka mkononi mwa mtu. Kwa hiyo ukiona dukani kroshia halisi kutoka ng'ambo, na bei yake ni ya kutupwa, usidhani kwamba ni ujuzi wa mashine. Nyuma yake uko mkono wa mtu uliolipwa kidogo mno. Tunapomwambia mama wa Kilwa alingane na bei ile, tunamshindanisha na mnyonge mwenzake wa nchi nyingine, tuone ni nani atakayevumilia njaa zaidi.

Sisi wa Kilwa hasa hatuna haki ya kuidharau kazi ya uzi. Katika magofu ya Kilwa Kisiwani, ng'ambo tu ya gati letu, wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati. Vilitiwa kwenye vijiti vya kusokotea pamba. Wareno walitoza dhahabu hapa mwaka 1502, wakarudi mwaka 1505 wakauteka mji na kuupora. Dhahabu ilikwenda Ureno. Vigae vya wasokotaji vimebaki ardhini kushuhudia kwamba mji huu haukuishi kwa dhahabu tu. Halafu katika karne ya 19 ikaja merikani, nguo ya viwanda vya Marekani, ikaenea pwani yote, na mfumaji wa kienyeji akakosa mnunuzi.

Kisha tukumbuke Nandete, katika wilaya yetu hii. Mwezi wa Julai 1905 wananchi wa Umatumbi waling'oa mashina ya pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Wazee wale hawakuuchukia mmea wa pamba. Walichukia kulimishwa kwa kiboko, na kulipwa ujira usiolingana na jasho lao. Mjukuu wao leo hachapwi na mtu, lakini jasho lake bado linapimwa kwa kipimo kile kile.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliukataa unyonyaji wa mtu kwa mtu. Wengi wetu tulidhani mnyonyaji ni tajiri mwenye kiwanda tu. Sivyo. Yeyote anayechukua saa 36 za mwenzake akalipia uzi, amenyonya. Twawaambia wanunuzi: ulizeni kazi imechukua siku ngapi, kisha toeni bei inayolingana na jibu. Na halmashauri, shule na nyumba za wageni zikihitaji vitambaa, ziagize kwanza kwa vikundi vya hapa.

Nanyi akina mama, tunawaambieni ukweli pia. Kizuri chajiuza, lakini kwanza kiwe kizuri. Kitambaa chenye pembe zisizolingana, au uzi unaochuja rangi kikifuliwa mara moja, huwaharibia soko wenzenu wote. Wekeni daftari: uzi kiasi gani, saa ngapi, bei gani. Bila daftari hamtajua kama mmepata au mmekula hasara. Patana katika kikundi bei ambayo hakuna atakayeshuka chini yake, kwa maana mnunuzi mjanja hushinda pale mnapopunguziana ninyi kwa ninyi. Mtaji nao una mlango: sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, na mbili kwa watu wenye ulemavu. Nendeni mkaulize, nendeni kwa umoja, na daftari mkononi.

Baada ya Desemba 1961 wito uliosikika nchi nzima ulikuwa Uhuru na Kazi. Kazi ya bure haikuwamo katika wito ule.