Mbona Baba Naye Anacheka? Maoni Yetu Kuhusu Katuni za Wanyama Wanaosema

 

Wazazi zaidi ya mmoja, wa huku Mbeya na wa Iringa, wametuomba madrasa itoe kauli: je, mtoto wa Kiislamu aachwe atazame katuni za wanyama wanaosema, au zipigwe marufuku moja kwa moja? Swali ni zuri, na tunawashukuru waliolileta. Lakini tulipokaa kulizungumza lilijitokeza jambo ambalo wazazi wenyewe hawakulitaja, nalo ni kwamba katuni hizi hazitazamwi na watoto peke yao. Baba anarudi kutoka Mwanjelwa au Soko Kuu la Iringa, anakaa dakika mbili tu kusubiri chai, na kipindi kinakwisha yeye bado yupo kitini. Tena ndiye anayecheka kwa sauti kuliko wote. Kabla ya kutoa hukumu, basi, tuone kwanza ni kitu gani kinachomkalisha pale.

Tuchukue vipindi viwili vinavyojulikana. Cha kwanza ni Tinga Tinga Tales, kilichoanza kuonyeshwa mwaka 2010. Kilitengenezwa Nairobi na vijana wachoraji wa Kenya kwa ajili ya kampuni ya Uingereza, na kila hadithi inaeleza kwa nini mnyama fulani yuko vile alivyo: tembo kwa nini ana mkonga, kobe kwa nini gamba lake limepasuka, popo kwa nini huning'inia kichwa chini. Jina na michoro yake vimetokana na jirani yetu kabisa. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, mkoani Ruvuma. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia rangi za kung'aa kama zile za kupaka baiskeli juu ya vipande vya ubao mwembamba, akafariki mwaka 1972 akiwa bado kijana. Miaka minne tu ya kazi, na leo macho yale makubwa na madoadoa yale yanatambulika dunia nzima. Mtu wa Nyanda za Juu Kusini anayetazama katuni zile hatazami kitu cha kigeni, hata kama wanyama wenyewe wanazungumza Kiingereza.

Cha pili kimetengenezwa hapa hapa nchini. Taasisi ya Ubongo ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, na mwaka 2014 kipindi chake cha Ubongo Kids kikaanza kurushwa na TBC1. Baadaye wakatoa Akili and Me kwa watoto wadogo zaidi. Akili ni msichana wa miaka minne anayeishi karibu na Mlima Kilimanjaro. Akilala anaingia katika nchi ya ndoto iitwayo Lala Land, na huko anajifunza herufi, namba na maumbo pamoja na rafiki zake wanyama. Watafiti walikipima kipindi hiki kwa watoto wa Morogoro, na waliokitazama kwa wiki chache walionekana kuwatangulia wenzao katika kuhesabu na kutambua namba na maumbo. Hiyo ndiyo faida ya mtoto. Lakini baba anajua kuhesabu tangu zamani, mbona naye haondoki?

Jibu letu la kwanza ni kwamba hadithi hizi ni zake. Alizisikia jikoni kwa bibi, Mufindi au Tukuyu, usiku wa baridi ya Julai, watoto wamejibana karibu na moto na mahindi yanachomwa. Fisi mlafi, sungura mjanja, kobe mwenye subira: wote hao anawajua kabla hajawaona kwenye kioo. Na aliyekulia mjini alimsikia Debora Mwenda katika kipindi cha Mama na Mwana cha iliyokuwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Kipindi kile kiliitwa cha watoto, lakini muulizeni mzazi yeyote wa rika lile. Atawaambia kwamba nyumba nzima ilinyamaza, na mama aliacha kuchambua mchele.

La pili, na hili ndilo tunaloliona kubwa, ni kwamba hadithi za wanyama wanaosema hazikuanza kama mambo ya watoto hata kidogo. Zilianza kama mambo ya wakubwa. Kitabu cha Kalila wa Dimna kilitiwa katika Kiarabu na Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8, kutoka lugha ya Kiajemi, nayo iliyapata maneno hayo kutoka Bara Hindi. Ndani yake simba, ng'ombe dume na mbweha wanazungumza juu ya utawala, husuda na washauri wabaya, na waliokusudiwa kusikia ni wafalme. Kumwambia sultani usoni kwamba mshauri wake anamdanganya ni hatari. Kumsimulia habari za simba na mbweha ni salama kidogo. (Kidogo tu. Ibn al-Muqaffa mwenyewe aliuawa Basra.) Watoto walikuja baadaye, wakakaa pembeni wakasikiliza, wakapenda.

Moja ya hadithi za asili hiyo ilivuka bahari ikafika kwetu. Mwaka 1870 Edward Steere alipochapa hadithi alizokusanya Unguja, mlikuwamo Kisa cha Punda wa Dobi. Kima amefanya urafiki na papa, naye anampa matunda ya mti wake kila siku. Papa anamwalika kwao, anampakia mgongoni, na walipofika katikati ya bahari anamwambia kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hababaiki. Anasema laiti ungeniambia mapema, maana sisi kima tukitembea mioyo yetu tunaiacha juu ya mti. Papa anageuka kumrudisha, kima anaruka mtini, na habari imekwisha. Katika masimulizi ya Bara Hindi mwenyeji wa majini ni mamba. Kwa Kiarabu akawa kobe. Unguja, kwenye bahari, akawa papa. Msimulizi alimweka mnyama ambaye wasikilizaji wake walimwogopa. Mtoto wa Iringa ambaye hajawahi kuiona bahari anacheka kwa sababu papa amepumbazwa. Baba anacheka pia, lakini anamfikiria rafiki fulani aliyempakia mgongoni katika biashara, akaja kuambiwa katikati ya maji kinachotakiwa ni kitu gani.

Hapo ndipo kwenye siri yenyewe. Hadithi ni moja, na kila mtu anachukua cha umri wake. Shaaban Robert alilijua hilo alipoandika Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952: ndugu wawili waliogeuzwa manyani, majini na safari za ajabu. Asili yake iko katika Alfu Lela U Lela, na kule ndugu hao walikuwa mbwa. Mwanafunzi wa shule ya msingi anakisoma kwa ajili ya manyani. Mtu mzima aliyegombana na ndugu zake juu ya shamba la urithi hakisomi kwa ajili ya manyani.

Sasa tuje kwenye wasiwasi wa wazazi, maana hatuuchukulii kuwa mdogo. Wapo wanaosema: mnyama hasemi, kwa hiyo huu ni uongo, na uongo ni haramu. Sisi tunaona kuna tofauti kati ya uongo na mfano. Mwongo anataka uamini. Msimulizi na msikilizaji wake wote wawili wanajua kwamba hayo hayakutokea. Pale Iringa mjini kuna jiwe la Gangilonga, na jina lake kwa Kihehe ni jiwe linalosema. Watu wa Iringa hulitaja kila siku, mtaa umepewa jina hilo, na hatujamsikia aliyetuhumiwa uongo kwa kulitaja.

Tena tukumbuke habari iliyopokewa na Abu Daud. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na vitu vyake vya kuchezea, na kati yake alikuwamo farasi mwenye mbawa mbili za vipande vya nguo. Mtume (S.A.W.) alipomwuliza ni farasi gani mwenye mbawa, akamjibu kwa kumtajia farasi wa Nabii Suleiman (A.S.) waliokuwa na mbawa. Mtume (S.A.W.) alicheka mpaka magego yake yakaonekana. Mtoto na mtu mzima, toy moja ya ajabu, na kicheko. Tunatahadharisha tu kwamba mdudu chungu na ndege hudhud wa Surat An-Naml hawamo katika mlango huu. Habari zao ni za kweli na tunaziamini, wala hazilinganishwi na katuni.

Kuhusu kuchora viumbe vyenye roho, masheikh wamelizungumza kwa urefu na wametofautiana. Darasa lake ni la wakubwa na tutaliacha huko.

Wasiwasi unaotugusa zaidi ni mwingine. Katuni ikisema tembo alipata mkonga kwa sababu hii au ile, mtoto wa miaka kumi anajua ni hadithi, na aliyemuumba tembo anamjua. Lakini wa miaka minne? Yeye bado hajatenganisha. Anaweza kuja darasani kusema kobe alipasuka gamba kwa sababu aliyoiona kwenye televisheni, na akashangaa mwalimu akimsahihisha. Bibi jikoni hakuwa na tatizo hili, kwa kuwa alikuwepo. Mtoto aliuliza, bibi akajibu, mara nyingine kwa mzaha, mara nyingine kwa kumrudisha kwa Muumba. Kioo hakijibu. Kwa hiyo yule baba anayecheka kitini, ambaye wengine wetu tulitaka kumwona kama mtu mzima aliyepoteza haya, kwa maoni yetu ndiye sehemu bora ya jambo zima. Kama angetazama pamoja na mwanawe kila mara, nusu ya swali mlilotuletea isingekuwepo.

Tunachokikataa ni mtoto kupewa simu akae nayo peke yake ili anyamaze. Katuni moja ikiisha simu yenyewe inaleta nyingine, na ya tano siyo aliyoichagua mzazi. Zipo zinazofanya uchawi kuwa mchezo wa kupendeza, na zipo zilizochorwa kama za watoto wakati maneno yake ni ya watu wazima, tena wasio na adabu. Picha nzuri na rangi nyingi si dalili ya kitu. Aidha hatukubali katuni ipite juu ya adhana ya Magharibi. Vipindi vya watoto mara nyingi hurushwa Jumamosi na Jumapili asubuhi, na hizo ndizo saa za madrasa. Walimu wamewaona wanafunzi wakichungulia saa kila baada ya dakika tano. Siku hizi vipindi vingi vinapatikana wakati wowote, kwa hiyo sababu ya kukosa darasa haipo tena. Vitazamwe baada ya Alasiri.

Basi kauli yetu kwa wazazi ni kwamba hatupigi marufuku. Kwa aliye chini ya miaka saba, umri ambao ndipo tunaamrishwa kuanza kumfundisha swala, asitazame bila mkubwa kukaa naye. Kwa waliozidi hapo, mzazi achague kipindi mwenyewe na akijue mpaka mwisho, asiridhike na jina lake. Baadhi ya wazazi watatuona tumelegea, na wengine watatuona wakali. Walete hoja zao kwenye kikao cha wazazi kabla ya Ramadhani.

Kwenu wanafunzi tuna ombi. Kila mmoja amwendee bibi au babu yake, awe Mnyakyusa, Mhehe, Mbena, Mkinga, Msafwa au aliyetoka pwani, amwombe hadithi moja ya mnyama, aiandike kwa Kiswahili kama alivyosimuliwa, na aonyeshe ni mahali gani bibi mwenyewe alicheka. Mzipeleke kwa mwalimu wa darasa kabla ya likizo. Kurasa 4 za toleo lijalo tumezitenga kwa ajili hiyo, na anayejua kuchora atuletee na picha.