Tahadhari: Kipima Hiki Kinazidisha Unene wa Chuma

Fundi wa Kariobangi Light Industries, Kamukunji au gereji ya Kayole: kabla hujaingiza presha kwenye bodi ya pampu, valvu au kichwa cha kompresa kilichosubiwa, usiamini namba ya kipima unene cha ultrasoniki mpaka ujue kimesetiwa kwa chuma gani.

Vipima vingi vya bei nafuu hufika vikiwa na kasi ya sauti ya stili, mita 5,900 hivi kwa sekunde. Kifaa hakioni unene. Kinahesabu muda ambao sauti imechukua kwenda hadi ukuta wa ndani na kurudi, kisha kinapiga hesabu kwa kasi kilichopewa. Katika chuma cha kusubu cha kijivu sauti huenda polepole zaidi, mara nyingi karibu mita 4,600, na hubadilika kutoka mmimino mmoja hadi mwingine. Basi ukuta wa milimita 6 utasomeka 7.7. Ukiambiwa usishuke chini ya 7, utapitisha kazi iliyokonda. Na chuma hiki hakivimbi kukuonya. Hupasuka ghafla, vipande vikaruka.

Rangi nayo huongeza: milimita 1 yake yaweza kusomeka kama zaidi ya 2 za chuma. Ikwangue yote.

Tafuta mahali kalipa inafika pande zote mbili za kazi hiyohiyo, kama ukingo wa flenji. Pima, kisha rekebisha kasi mpaka kifaa kiseme namba ya kalipa. Halafu zunguka kazi nzima, maana kiini cha mchanga kikisogea ndani ya kalibu, upande mmoja hunenepa na wa pili hukonda, na kwa nje huoni kitu. Shika namba ndogo kuliko zote. Zikirukaruka, usichague unayoipenda. Huenda ndani kuna vishimo vya hewa. Kazi hiyo irudi kwenye tanuru.

Jaribu presha kwa maji, kamwe si kwa hewa, hasa karakana zetu zilivyobanana na nyumba za watu. Tangi la kompresa si lako kuliidhinisha: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka mkaguzi aliyeidhinishwa.

Kama umeshapitisha kazi kwa kipima kisichorekebishwa na mteja ameifunga, mpigie leo azime mashine, uende ukaipime upya.