Plaketi zinaisha kwenye mteremko

Plaketi za freni zikiisha haraka, usizilaumu peke yazo. Mimi naendesha Land Cruiser kati ya miji ya Butembo na Beni, mashariki ya Kongo, kilomita kama 54. Butembo iko juu, zaidi ya mita 1,700. Beni iko karibu mita 1,100. Gari la tani 2 na nusu, lenye abiria na magunia ya viazi, linazuiwa na plaketi mbili ndogo zinazobana diske kila gurudumu, na joto la kuzuia linaishia kwenye plaketi na diske. Ukiongeza mwendo mara mbili, joto la kusimamisha gari linakuwa mara nne! Wakati wa mvua, tope lenye mchanga linaingia kati ya plaketi na diske, linasaga vyote viwili.

Nilipozoea kushuka kwa vitesi ya pili, mguu nje ya freni, plaketi zangu zilianza kudumu. Mashofa wenzangu, msingoje sauti ya chuma: zikibaki milimita 3, badilisheni. Mafuta ya freni nayo yanazeeka. Yakishanyonya unyevu, yanachemka kwenye mteremko na pedali inazama mpaka chini. Hilo lilinipata mimi karibu na Maboya, kwenye barabara hiyo hiyo, watoto wangu wakiwa nyuma.